Gego la Kuzungusha

Gego dogo la chini, lile linalokaa nyuma ya chonge, huzungushwa. Koleo hulibana chini kabisa, penye ufizi, kisha kiganja hugeuka kidogo kulia, kidogo kushoto, tena kulia, na jino likishalegea hutoka bila ubishi. Gego dogo la juu, lile la kwanza, halizungushwi asilani. Hilo husukumwa taratibu upande wa shavu na kurudishwa, mpaka tundu lake lipanuke. Anayelizungusha kwa pupa huishia na nusu ya jino kwenye koleo, ncha ya mzizi ndani ya taya, na mgonjwa aliyekwisha kupoteza imani.

Sheria hiyo wanafundishwa madaktari wa meno kote duniani. Mimi niliiona ikifuatwa hapa Mpendae, Unguja, katika kliniki ndogo ya mtaani yenye kiti kimoja, feni moja, na benchi la wagonjwa linalotazama barabarani. Daktari mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Bibi mmoja aliletwa na mjukuu wake, kanga ameizungusha mpaka kidevuni, usiku kucha hakulala. "Shikamoo, bibi. Leo tunalimaliza," daktari akamwambia, na baada ya hapo hakusema tena ila "fungua" na "pumua". Akampiga sindano ya ganzi, akangoja. Kungoja kwenyewe ni sehemu ya kazi, maana hakugusa chuma mpaka alipohakikisha ufizi umekufa ganzi pande zote mbili, wa shavu na wa kaakaa.

Lilikuwa gego kubwa la juu. Macho ya mtazamaji huvutwa na koleo, lakini kwa huyu bwana ni vyema kutazama mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikaa upande wa kaakaa, cha shahada upande wa shavu, na mfupa wa taya katikati yake. Vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vikisikiliza. Koleo lilisukuma nje, likatulia, likasukuma tena, na kila mara mkono wa kushoto ndio ulioamua kama mfupa umekubali. Hakuvuta. Watu husema "kung'oa" jino, nami nilitarajia kuona nguvu za kung'oa, kumbe jino zuri hutolewa kwa kulipanulia njia tu.

Lilipotoka alilipeleka kwenye bomba la maji kabla hata ya kumtazama mgonjwa. Akalisuuza, akalishika juu ya taa. Mizizi mitatu, imetanuka kama mafiga: miwili upande wa shavu, mmoja mnene upande wa kaakaa. Akapitisha ncha ya kidole kwenye kila mzizi. Mzizi mzima huishia kwa mviringo laini, uliokatika hukwaruza. "Mitatu," akajisemea, na hapo ndipo alipomwambia bibi aume pamba.

Sasa tumkalishe sokwe kwenye kiti kile. (Najua hatakubali, lakini tufanye amekubali.) Daktari akishika gego dogo la chini na kugeuza kiganja kama alivyozoea, kiganja hakitageuka. Magego madogo ya chini ya sokwe kwa kawaida yana mizizi miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na yale ya juu kwa kawaida yana mitatu. Gorila ni vivyo hivyo. Jino lenye miguu miwili ndani ya mfupa halizunguki, labda livunjike. Sisi wanadamu, wengi wetu, gego dogo la chini limebakiwa na mzizi mmoja, mwembamba na wa mviringo, na la juu la kwanza mara nyingi lina miwili. Kwa hiyo ule mgeuko mdogo wa kiganja unaofanyika kila siku Mpendae unawezekana kwa sababu mahali fulani katika nasaba yetu mizizi iliungana na kupungua. Wapi hasa, lini, na kwa nani kwanza? Hilo swali watu wamelifanyia kazi karibu karne nzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika bara, ng'ambo ya mkondo wa bahari unaotutenga na Bagamoyo.

Mzizi ni shahidi mzuri kwa sababu haukai kinywani. Taji la jino, ile sehemu tunayoiona, hulika kila siku kwa chakula na mchanga. Ukifika uzee, vilima na mabonde ya gego vimekwisha, na mtaalamu akilipata hana cha kusoma. Mzizi umekaa ndani ya mfupa, haukuguswa na muhogo wala mfupa wa samaki. Tena mzizi hujengwa baada ya taji. Tabaka jembamba la seli hushuka kutoka ukingo wa taji kuelekea chini, na umbo la mzizi hutokana na jinsi tabaka hilo linavyojikunja. Likishuka moja kwa moja, hupatikana mzizi mmoja. Likitoa ndimi zinazokutana katikati, mlango unagawanyika, na mizizi inakuwa miwili au mitatu. Zikikaribia kukutana lakini zisikutane, hubaki mfereji ubavuni mwa mzizi mmoja, alama ya mgawanyiko uliokusudiwa usitimie. Mifereji hiyo ndiyo inayowakosesha wataalamu usingizi.

Na jino halimaliziki siku linapochomoza. Mzizi wa jino la ukubwani huendelea kurefuka miaka miwili au mitatu baadaye kabla ncha yake haijafunga. Meno ya utoto yana kisa chake: mizizi yake huliwa na mwili wenyewe ili kulipisha jino jipya, ndiyo maana kijino anachokitupa mtoto juu ya paa kinaonekana hakina kitu chini.

Unguja haijawahi kutupa kisukuku cha sokwe. Tunao kima punju wa Jozani, na Pango la Kuumbi kule kusini limetoa mifupa na meno ya wanyama wa bara, hata punda milia, wa zama kisiwa kilipokuwa kimeungana na bara. Kumpata sokwe wa kale mtu lazima avuke maji. Akivuka na kuendelea mpaka kusini magharibi mwa Tanzania, kwenye Bonde la Ufa la Rukwa, atafika mahali ambapo timu iliyoongozwa na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio ilipata kipande cha taya la chini la upande wa kulia, chenye magego, ndani ya mwamba wenye umri wa miaka milioni 25.2. Walimpa jina Rukwapithecus fleaglei na kumtangaza mwaka 2013, pamoja na kipande kingine chenye gego moja tu, cha kima wa kale waliyemwita Nsungwepithecus gunnelli. Hadi walipotangazwa hakukuwa na mabaki ya zamani zaidi ya ukoo wa sokwe wala ya ukoo wa kima wa Dunia ya Kale. Kima na sokwe walikwisha kuachana njia, na ushahidi ni vipande viwili vya taya vinavyoenea mkononi.

Nawaonea fahari watu wenye jicho la kuona vipande vidogo kama hivyo. Kuna jina ambalo kila mtoto wa Tanzania amelisoma shuleni, Zinjanthropus, ambalo Louis Leakey alilitoa kwa Zinji, jina la zamani la pwani yetu hii. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini anaumwa. Mkewe Mary alitoka peke yake na mbwa wake kwenye korongo la Olduvai, na alichokiona kimechomoza kwenye mteremko ni mfupa na meno mawili makubwa yakiwa bado yamekaa kwenye mkunjo wa taya. Meno ndiyo yaliyomwambia kwamba hilo ni fuvu la zamadamu. Kisha vifaa walivyotumia kulifukua lile fuvu, mbali na brashi laini, vilikuwa vyuma vyembamba vya daktari wa meno, vile vile vilivyolala kwenye trei ya Mpendae, vya kukwangulia uchafu penye ufizi. Chembe kwa chembe. Mtu mwenye haraka angetumia patasi, na leo tusingekuwa na fuvu.

Fuvu lile, lenye umri wa kiasi cha miaka milioni 1.8, lilipatikana bila taya la chini. Taya la chini la jamaa yake lilikuja kupatikana mwaka 1964 kule Peninj, karibu na Ziwa Natron, na aliyeliona ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kazi kwa akina Leakey akiwa kijana na aliyefariki mwaka 2022 akiwa na sifa ya jicho ambalo wenye shahada walilihusudu. Hapa ndipo hadithi ya mizizi inapokataa kunyooka. Zamadamu hawa wa jamii ya Zinjanthropus, au Zinji kwa kifupi, walitembea kwa miguu miwili kama sisi na chonge zao ni ndogo kama zetu, hivyo mtu angetegemea mizizi ya magego madogo ya chini iwe imeanza kupungua. Imeongezeka! Kwao magego madogo ya chini mara nyingi yana mizizi miwili mipana, iliyobapa, mmoja mbele na mmoja nyuma, kiasi kwamba ukipewa mizizi peke yake utadhani ni ya gego kubwa. Mwaka 1988 Bernard Wood na wenzake walichapisha uchambuzi wa mizizi ya meno ya chini ya zamadamu kwa kutumia picha za eksirei, nao ulionyesha njia mbili zinazotoka kwenye umbo la zamani la mizizi miwili: wa jamii ya Zinji wakielekea kwenye mizizi ya gego kubwa, wa ukoo wetu wakielekea kwenye mzizi mmoja.

Sababu inaelekezwa kwenye kutafuna. Jino halijagandishwa kwenye taya. Limening'inizwa na nyuzi fupi zinazoshika uso wa mzizi na kuufunga kwenye mfupa, na kila utafunapo nyuzi hizo ndizo zinazopokea uzito. Uso mpana wa mzizi, nyuzi nyingi, mzigo mkubwa. Zinji alikuwa na magego mapana kupita kiasi na misuli ya taya iliyoshika mpaka utosini, hivyo mizizi ililazimika kulingana na kazi. Wazee wetu wa upande wa pili walipunguza kazi ya taya, kwa mawe ya kukatia na baadaye moto, na mizizi ikapungua. Maelezo haya nayapenda kwa sababu yanaeleweka hata kwa fundi: nguzo hufuata paa. Hata hivyo mzizi hufuata pia urithi, na kupambanua kipi kimetoka kwenye chakula na kipi kimetoka kwa babu si kazi ya asubuhi moja.

Ugumu wa kusoma jino moja una mfano wake mzuri kutoka Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1935 msafara wa Louis Leakey uliokota huko chonge moja ya chini. Ikapelekwa London, ikaandikwa kwenye daftari la makumbusho kuwa ni ya kima, ikawekwa kwenye droo. Ilikaa humo mpaka mwaka 1979, Tim White alipoitazama na kuona kwamba haikuwa ya kima hata kidogo. Ilikuwa ya zamadamu mtu mzima, na mwaka 1935 sayansi ilikuwa haijawahi kupata zamadamu mtu mzima wa namna ile popote Afrika. Mtoto wa Taung wa Afrika Kusini, aliyepatikana 1924, alikuwa peke yake. Miaka 44 kwenye droo. Simlaumu aliyeandika daftari. Chonge moja bila taya ni kitu kigumu kukisoma, na White mwenyewe alikuwa na bahati ya kuwa ameshika mikononi meno mengine ya Laetoli, likiwemo taya alilolipata Maundu Muluila mwaka 1974, ambalo baadaye, 1978, lilifanywa kielelezo rasmi cha Australopithecus afarensis. Kwa jamii hiyo, ya zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita, gego dogo la kwanza la chini mara nyingi bado lina mizizi miwili. Daktari wetu asingelizungusha.

Mukiri, Muluila, Kimeu, Nzube: majina ya walioinama juani wakitafuta visukuku ni mengi kuliko vitabu vinavyokubali. Mwenye kutoa jina la Kilatini hukumbukwa. Aliyeona kitu cheusi kisichofanana na mawe mengine huwekwa kwenye shukurani, mstari wa mwisho. Hili lingenikera hata kama sikuwa shabiki wa meno.

Siku hizi kusoma mzizi hakuhitaji kulivunja taya. Mashine za eksirei za kukata picha vipande vidogo sana humpa mtaalamu taya zima kwenye kompyuta; anauondoa mfupa kwenye picha, jino linabaki linaelea, na mfereji wa neva ndani ya mzizi unaonekana mpaka nchani. Ndivyo walivyogundua kwamba kuhesabu mizizi peke yake kunadanganya: mzizi unaoonekana mmoja kwa nje unaweza kuwa na mifereji miwili ndani, na hata sokwe wa msitu mmoja, wa kundi moja, hawalingani. Na wanaokata meno kwa unene wa unywele na kuyatazama kwa darubini wanaona mistari ya ukuaji, mingine ya kila siku. Kwa mistari hiyo yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kimeu huyo huyo mwaka 1984 kule Nariokotome, ambaye mifupa yake mirefu iliwafanya watu wamkadirie miaka 11 au zaidi, alionekana kuwa na kama minane tu. Alikua haraka kuliko watoto wetu.

Wakati mwingine mzizi wenyewe haupo. Sokwe mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, Gigantopithecus wa China, alijulikana mara ya kwanza mwaka 1935 kwa gego lililokuwa likiuzwa katika duka la dawa za Kichina Hong Kong, na G. H. R. von Koenigswald ndiye aliyelitambua. Meno yake yaliyopatikana tangu hapo ni mengi, lakini mengi ni mataji matupu: nungu wa zama hizo waliitafuna mizizi mapangoni. Nimewachukia nungu kwa hilo.

Huyo huyo von Koenigswald ndiye aliyempa jina, mwaka 1972, sokwe mwingine aliyezua vurugu miaka ya karibuni. Ni taya la chini lililofukuliwa mwaka 1944 karibu na Athens wakati wa vita, limechakaa, magego yamelika, na likaitwa Graecopithecus freybergi. Mwaka 2017 Madelaine Böhme na wenzake walilipitisha kwenye mashine na kuona kwamba mizizi ya gego dogo la pili la chini imeungana kwa sehemu. Kwa alama hiyo, na jino moja kutoka Bulgaria, wakasema huenda huyu, wa miaka milioni 7.2 iliyopita, ndiye wa mwanzo katika njia yetu, na kwamba njia hiyo huenda iligawanyika Ulaya. Magazeti yalifurahi sana.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na sijashawishika. Picha zao ni nzuri na kazi ya mikono ni safi, hilo siwanyimi. Lakini mizizi ya Zinji imetuonyesha kwamba umbo la mzizi linaweza kwenda huku na kule katika ukoo mmoja, na mizizi kuungana kidogo hutokea pia, kwa nadra, kwa sokwe wa leo. Taya moja na jino moja ni ushahidi mwembamba wa kuhamishia chimbuko la watu. Wengi katika fani wana shaka hiyo hiyo. Daktari wa Mpendae, nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: "Meno mangapi?" Nikamwambia mzizi uliobeba hoja ni wa jino moja. Akarudi kunawa mikono.

Mtu huyo ameshika mizizi mingi kuliko wasomi wengi wa mizizi. Kila jino analong'oa, la mtu wa Jang'ombe au wa Makunduchi, huoshwa, huhesabiwa, kisha hutupwa na taka za hospitali. Mifereji ya pembeni, mizizi mitatu penye miwili, gego dogo la chini ambalo kwa nadra bado lina mizizi miwili na linamkatalia kiganja kugeuka: yote anayaona, na hakuna daftari linaloyaandika. Muhimbili wanafundisha udaktari wa meno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha akiolojia. Vyuo hivyo viko katika mji mmoja, na fuvu la Zinji, lililorudishwa nchini mwaka 1965, linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa katika mji huo huo. Wakuu wa idara hizo wakae meza moja, watunge fomu ya ukurasa mmoja isiyo na jina la mgonjwa, jino gani, mizizi mingapi, imeungana au haikuungana, na waigawe kwa kliniki za bara na visiwani. Ya Mpendae nitaipeleka mwenyewe.